Lango Namba Tatu, Saa Tano

Al Mansoura, Ijumaa, saa saba na nusu mchana

Mwende, mama yangu,

Mmeshatoka. Nimesimama dirishani nikawaona mkivuka barabara pale kwa yule Mhindi wa kushona nguo, wewe mbele, mama yako nyuma na orodha yake mkononi. Kanisani kwa ibada yetu ya Ijumaa, halafu madukani, halafu kuaga watu wa kikundi cha maombi. Najua hamtarudi kabla ya saa kumi. Nimewaambia goti linanisumbua. Goti ni zima kabisa. Nilitaka nyumba iwe tupu nikuandikie, na huo uwe uongo wa mwisho kukupa.

Mambo ya dawa, ya chaja na ya kuchemsha maji mama yako ameshayaandika yote na kuyabandika ndani ya kifuniko cha begi lako. Hapo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka kumi.

Wiki iliyopita tukiwa mezani ulinionyesha ramani ya Nepali kwenye simu. "Baba, ona. Shule tunayoenda kujenga iko hapa. Njia ya kupanda mlima inapita huku. Na kijiji cha Anko Purna ndicho hiki, ni siku moja tu tukikata kushoto. Kiongozi wetu amekubali. Nitamfanyia sapraizi, nitamwonyesha zile soksi zake!" Nikasema, "Vizuri, mama." Nikainuka nikaenda jikoni nikafungua bomba, nikayaacha maji yatiririke, mpaka mama yako akaniuliza naosha nini.

Mwende, Purna hayupo. Alikufa. Alikufa hapa hapa Doha, siku ile ile uliyofika.

Kila ulipouliza, nilikujibu, "Alirudi kwao." Na kweli alirudi, ndani ya sanduku. Nilimsindikiza mwenyewe mpaka ofisi ya mizigo ya uwanja wa ndege. Mama yako anajua alikufa. Nilimwomba asikwambie, ulikuwa mtoto wa miaka minane. Haya mengine nitakayokuandikia hata yeye hayajui.

Wacha nianze mwanzo, nisije nikarukaruka.

Enzi hizo nilikuwa msimamizi wa walinzi kwenye eneo moja la ujenzi upande wa Al Rayyan. Lilikuwa na malango matano, na mimi nilizunguka na pikapu saa tatu, saa tano na saa saba. Kila lango nishuke, nimtazame mlinzi usoni, nisaini kitabu cha matukio. OB, tulivyozoea kukiita nyumbani. Kila saa mlinzi anaandika nani kaingia, nani katoka, na kama hakuna neno anaandika "hali shwari". Ukiondoa sare na filimbi, kazi ya ulinzi ni hiyo tu, mtu awepo pale saa ile anayosema yuko pale.

Sasa, sisi tuliofanya ulinzi Nairobi tulikuja na tabia yetu moja. Tulikuwa tunaandika saa ambazo hazijafika. Lindo ni refu, baridi inakung'ata, basi unajaza saa tisa, saa kumi, saa kumi na moja, hali shwari, hali shwari, hali shwari, halafu unajikunyata ndani ya koti mpaka kupambazuke. Tuliita kupika kitabu. Nilifundishwa mwezi wangu wa kwanza kazini, na aliyenifundisha alikuwa mzee wa kanisa, haki ya Mungu. Hakuna aliyeona ni dhambi. Tulikuwa tunachekeana nayo.

Purna alikuwa mlinzi wa lango namba tatu. Mfupi, kifua kipana, anacheka kabla hajamaliza kusema. Aliniita dai, yaani kaka mkubwa kwa Kinepali, ingawa alinizidi miaka miwili, na nilipomwambia hivyo alisema ukubwa uko kwenye pikapu. Tulielewana kwa Kiingereza cha kuokoteza, Kiarabu cha sokoni na mikono. Kuandika Kiingereza kulimtesa, kwa hiyo kitabu chake mara nyingi nilimjazia mimi.

Ndani ya kibanda chake alikuwa amebandika picha ya mlima, ameikata kwenye kalenda. Nikisimama pale kusaini ananishika mkono, "Dai, dakika moja," halafu ananisimulia. Ule mlima unaogeuka rangi mara tatu kabla ya chai. Daraja la kamba linalocheza mpaka mbuzi wanagoma kuvuka. Ng'ombe wa nywele ndefu zinazofagia chini. Unazijua zote, Mwende. Ni zile nilizokuwa nakusimulia ukikataa kulala. Nilikuwa nakusimulia wewe, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa najaribu kumweka hai hata robo saa. Wewe ukazipenda kweli kweli, ukabandika mlima wako juu ya kitanda, na sasa unazifuata na begi mgongoni. Mimi ndiye niliyekutengenezea safari hii, na wala sikujua ninachotengeneza.

Alikuwa na binti wa umri wako, Sarita. Alimwacha akiwa wa miezi saba. Likizo yake ilisogezwa mara ya kwanza, ikasogezwa tena, na enzi hizo hutoki nchi hii bila karatasi ya mwajiri. Alipojua viza yako imetoka alifurahi kuliko mimi. Kila siku, "Dai, mtoto anakuja lini?" Akamwandikia mke wake, na mke wake akafuma soksi za sufu, nyekundu na kijani, zikaja na mtu wa kwao. Nilimcheka nikakaribia kulia. Nani anavaa soksi za sufu Doha mwezi wa nane? Akasema viyoyozi vya huku vinauma miguu ya watoto. Ndizo hizo ulizogeuza kibeti zilipokubana, na ndizo umezitia kwenye begi.

Siku ya kufika kwako ndege ilikuwa itue saa nne asubuhi. Mama yako alikuwa zamu kliniki, hakupata wa kumshikia. Mimi sikuomba ruhusa. Niliogopa mudir, bosi wetu, atakataa, na pia, wacha niseme ukweli, nilijiona mjanja. Niliwaza nitapiga mzunguko wa saa tatu, nipike vitabu vya saa tano, nikimbie uwanjani, nirudi kabla ya saa saba. Malango manne nikamaliza fasta. Namba tatu nikaliacha mwisho.

Purna alikuwa amekaa, na hakuwa mtu wa kukaa. Kiyoyozi cha kibanda kilikuwa kimekufa siku ya tatu. Nilikuwa nimeripoti na nimejibiwa kitatengenezwa, na nikaishia hapo. Kichwani aliweka kitambaa kilicholowa. Nikamuuliza, "Vipi?"

Akasema, "Kichwa kinaniuma kidogo, dai. Kidogo tu."

Mwende, nimeisikia hiyo "kidogo tu" kila siku ya maisha yangu tangu siku ile. Nilimwambia, "Kunywa maji." Nikainama juu ya kitabu chake nikaanza kuandika. Saa nne, hali shwari. Saa tano, msimamizi amepita, mlinzi yuko salama, hali shwari. Saa sita, malori mawili ya kokoto yameingia. Nilitunga hata malori! Saa saba, hali shwari. Nikasaini. Nikamwambia nikirudi nitamletea mtoto amwone, na kama bado kinamuuma nitampeleka hospitali.

Akanisukuma begani. "Nenda, dai. Wangu anatembea, anaongea, anasoma, mimi sijaona hata kimoja. Nenda, mtoto asifike akose baba."

Nikaenda.

Ulitoka ukiwa umeshikwa mkono na yule jirani wa nyanya yako uliyesafiri naye, umevaa koti zito kwenye joto lile, na hukunijua. Ulijificha nyuma yake. Nilijikaza kisabuni. Nikasema nisikupeleke nyumbani hivi hivi, nikakununulia kuku, ukala huku koti limefungwa mpaka shingoni. Nikakununulia aiskrimu, na hapo ndipo ulipocheka mara ya kwanza, ukaniita Baba. Nilitazama saa. Ilikuwa saa sita kasoro. Nikajiambia, vitabu viko sawa, wacha nikae kidogo. Ukaomba aiskrimu nyingine. Nikanunua.

Nataka usome sehemu hii polepole, na ikibidi uirudie. Si wewe. Mtoto wa miaka minane kuomba aiskrimu si kosa lolote duniani. Nimekuficha jambo hili miaka yote kwa sababu yangu mwenyewe, nisikudanganye, lakini pia kwa sababu niliogopa utahesabu saa, utajikuta ndani yake. Haumo. Aliyekuwa na saa mkononi ni mimi. Aliyeweza kuomba ruhusa, aliyeweza kumpakia yule mtu kwenye pikapu na kumshusha hospitalini njiani, ni mimi. Hospitali iko njia ile ile ya uwanja wa ndege, Mwende. Niliipita.

Nilikuacha kwa mama yako kliniki, nikafika kazini saa nane. Dereva wa lori ndiye aliyemkuta, saa sita na kidogo. Alipiga honi, akapiga tena, akashuka akitukana, akamkuta kwenye kiti ameinamia meza. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka naye. Kibandani palikuwa na ule mlima wa kalenda, chupa ya maji imejaa nusu, na kitabu. Hakuna aliyekuwa amekifungua. Nikakifungua mimi. Saa saba, hali shwari, kwa mwandiko wangu.

Nilichana ule ukurasa. Nikaandika mwingine, safi, unaoishia saa tano, unaosema nilipita nikamkuta mzima anacheka. Waliponihoji nikasema hivyo hivyo. Ripoti ikasema moyo ulisimama ghafla, hapakuwa na dalili. Baadaye mlinzi mwingine Mnepali alimpigia simu mke wa Purna, nikiwa nimekaa pembeni, na nikamwambia amweleze kwamba hakuumwa, hakuteseka, alisinzia tu. Nilisikia upande wa pili mwanamke akiuliza swali moja. Yule mlinzi akanitafsiria, "Anauliza, alikuwa na nani?"

Nikasema, "Mwambie alikuwa na mimi."

Nimesimama kidogo hapa. Nimekwenda kunawa uso.

Sijui kama angepona. Sikuwahi kumuuliza daktari, kwa sababu niliogopa jibu. Ninachojua ni kwamba saa tano ilikuwa saa yangu, na sikuwepo. Mwaka uliofuata niliacha usimamizi, nikaomba udereva. Mama yako alinishangaa, akasema nimeshuka cheo bila kufukuzwa. Nilimwambia nimechoka na jua. Na kila uliponisifia mbele ya wenzako, ati baba yangu hajawahi kuchelewa kunichukua shuleni hata siku moja, nilitamani sakafu inimeze. Ni kweli sikuchelewa. Nilikuwa nafika nusu saa kabla, nasimama nje ya geti la shule juani, hata majirani wakanicheka. Sasa umejua.

Sitaki kukupa mahubiri. Lakini huko juu watawaambia kwamba ugonjwa wa mlimani unaanza na kichwa. Najua, nimesoma kile kijitabu chenu chote, nimekisoma mara nne. Na najua wewe. Wewe ni mtu wa "niko sawa, Baba" hata ukiwa na homa ya kukutetemesha meno. Hiyo umeirithi kwangu na naiogopa kuliko mlima wenyewe. Kichwa kikikuuma, sema kinauma. Usiseme kidogo. Na mwenzako akikwambia kidogo, keti naye. Mlima utabaki pale pale. Nakuomba hilo moja tu.

Na kuhusu kujitolea kwenu. Kule vijijini, tangu lile tetemeko la ardhi lililobomoa vijiji, utakuta wanawake, wazee na watoto wanabeba mawe, na mtu mmoja kwenye kundi lenu atauliza wanaume wako wapi. Wewe usiulize. Wako huku. Wako kwenye mageti na kwenye vyuma vya majengo unayoyaona kutoka dirisha la chumba chako, na hata hawa wanaochimba njia ya treni hapa chini, wanaokuudhi kwa kelele, nusu yao ni wa kule. Umekulia juu ya jasho lao kama nilivyokulia mimi juu ya jasho la baba yangu. Nenda ubebe mawe yao kama mtu wa nyumbani, bila kutaka kushukuriwa.

Sasa, ule ukurasa. Niliouchana ninao. Uko ndani ya Biblia yangu, umekuwa mwembamba mpaka wino umepenya upande wa pili. Nilipoanza barua hii saa saba na nusu mpango wangu ulikuwa hivi: niutie kwenye bahasha pamoja na barua, nifiche chini kabisa ya begi lako, uvikute huko huko ukiwa mbali, umpelekee mke wa Purna, umwombee baba yako msamaha. Bahasha ilikuwa tayari. Nilishaandika jina lake juu.

Nimeutoa. Nimekaa nautazama, na nimejiona nilivyo. Nilimwacha mtu mmoja langoni asimame badala yangu, na miaka kumi baadaye nilikuwa nakwenda kumsimamisha mwanangu mahali pale pale. Hapana. Ukurasa huu huubebi wewe. Nitaupeleka mwenyewe. Jumapili nikiingia kazini naomba likizo, na safari hii naiomba kwa mdomo wangu, mbele ya mudir, na sababu nitamwambia. Akinikatalia nitaomba tena. Siwezi kukuahidi mwezi. Nimeshaandika saa ambazo hazijafika, najua zinavyokuwa.

Ukifika kwao, na natumaini bado utafika, waambie wewe ni mtoto wa yule Mkenya wa lango namba tatu. Waonyeshe soksi. Yule mama atazijua, ni mikono yake. Sarita atakuwa msichana mkubwa kama wewe. Keti naye, msikilize, mpe zile hadithi, maana baba yake alinisimulia mimi na huenda yeye hazijui. Mwambie kuhusu ile picha ya kalenda, na jinsi alivyokuwa akinisukuma begani. Na uwaambie baba yako anakuja, ana neno la kuwaambia. Zaidi ya hapo hujatumwa. Najua nimekuweka pabaya. Ukishindwa kukaa mbele yao na moyo uliofungwa, basi fungua, sema yote, sitakulaumu kamwe. Lakini ujue si kazi yako.

Na kama baada ya kusoma haya utakuwa huwezi kunitazama, mama yangu, nitaelewa. Kesho unaondoka, kutoka kule unaenda chuo Eldoret, na chumba chako mama yako ameshasema ataweka cherehani yake. Nilikuwa nimejipanga kulia kwa sababu hiyo tu, kama baba wengine. Nilitaka uondoke ukiniona vile ulivyoniona siku zote. Inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika kwamba hilo nakunyang'anya jioni ya mwisho. Lakini ningekuacha uende, ungegonga mlango wa yule mama ukitabasamu, umeshika soksi, ukiuliza mume wake yuko wapi.

Ni saa kumi kasoro dakika tano. Lifti imesimama kwenye ghorofa yetu, nasikia mama yako analalamikia joto na wewe unamcheka. Barua siitii tena kwenye begi, isomwe nikiwa mbali na wewe. Nakupa mkononi sasa hivi, usome hapa mezani, na mimi sitoki kwenye kiti hiki mpaka umalize, na uulize unachotaka kuuliza.

Kabla hujafungua mlango, wacha niandike kile nilichopaswa kuandika siku ile.

Lango namba tatu, saa tano. Mlinzi anaumwa kichwa. Msimamizi hakupita.

Nyumbani, saa kumi. Baba yupo.